Je, Wajua? Kwa Mwanafunzi Anayekwenda Kubadilishana Masomo Uholanzi

Je, wajua kwamba ndege yako itatua ndani ya ziwa? Uwanja wa ndege wa Schiphol umejengwa Haarlemmermeer, ziwa lililokaushwa kwa mitambo mitatu ya mvuke kati ya 1849 na 1852. Njia za kurukia ndege ziko takriban mita 3 chini ya usawa wa bahari. Usiogope, pampu zinafanya kazi.

Je, wajua kwamba karibu mkoa mzima wa Flevoland ulikuwa maji? Tuta la Afsluitdijk, lenye urefu wa kilomita 32, lilikamilika 1932 na kuikata ghuba iliyokuwa hapo kutoka Bahari ya Kaskazini. Kisha vipande vya ghuba hiyo vikakaushwa kimoja baada ya kingine. Mhandisi aliyebuni mpango huo, Cornelis Lely, alifariki 1929 kabla ya kuuona ukikamilika. Mji wa Lelystad umepewa jina lake. Jirani yake, Almere, ulipokea wakazi wa kwanza 1976 na leo una watu zaidi ya 200,000. Ukifikia huko, huenda babu wa mwenyeji wako akawa mkubwa kuliko mji.

Je, wajua kwamba Waholanzi hupiga kura ya maji? Kuna bodi 21 za maji, zenye uchaguzi wake na kodi yake. Baadhi zina asili ya karne ya 13, kabla hata ufalme wao haujakuwapo. Watoto nao hawaachwi nyuma: cheti cha kwanza cha kuogelea hakipatikani mpaka uogelee na nguo na viatu, kwa kuwa anayetumbukia mferejini hapewi nafasi ya kubadilisha.

Je, wajua kwamba baiskeli nusura zishindwe? Hapa ndipo wageni wengi hukosea, wakidhani Mholanzi amezaliwa akipiga pedali. Miaka ya 1950 na 1960 magari yaliivamia miji yao kama kwingineko. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 3,000, wakiwamo watoto zaidi ya 400. Wazazi wakaingia barabarani na kampeni iliyoitwa Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika, na serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili. Watu wakaona barabara tupu na wakaipenda. Njia za baiskeli unazoziona leo zilidaiwa, hazikuangushwa na mbingu. Sasa baiskeli ni nyingi kuliko watu, na chini ya stesheni ya Utrecht kuna maegesho ya ghorofa tatu yanayobeba baiskeli 12,500. Saa 24 za kwanza ni bure.

Hapohapo Utrecht, tembelea Catharijnesingel. Miaka ya 1970 sehemu ya mfereji huo ilifukiwa ikawa barabara kuu ya magari. Baadaye mji ukaghairi, ukafukua, na 2020 maji yakarudi. Si miji mingi inayokubali kufuta barabara yake yenyewe.

Je, wajua kwamba katikati ya Rotterdam karibu kila kitu ni kipya? Mabomu ya Mei 14, 1940 yaliteketeza kitovu cha mji. Badala ya kukijenga kama kilivyokuwa, wakachora upya. Mtaa wa maduka wa Lijnbaan, uliofunguliwa 1953, ulitengwa kwa waendao kwa miguu. Nyumba za mchemraba za mbunifu Piet Blom, za 1984, zimesimama kwa kona na kuta zake zimelala upande. Kabati la kawaida halina pa kuegemea. Uwanja wa Benthemplein ndio niupendao zaidi: siku kavu vijana hucheza mpira wa kikapu, siku ya mvua kubwa hugeuka bwawa la kuhifadhi maji.

Je, wajua namba ya kukariri Amsterdam? Ikulu ya Dam imesimama juu ya nguzo za mbao 13,659. Wanafunzi huikumbuka hivi: siku 365 za mwaka, 1 mbele, 9 nyuma. Nyumba za kando ya mifereji nazo zina kulabu juu kabisa mbele ya nyumba, kwa sababu ngazi ni nyembamba mno; sofa hupandishwa kwa kamba na kuingizwa dirishani.

Nyumbani kwa mwenyeji: mchana ni mkate, na chokoleti za punje huruhusiwa juu yake, hata kwa watu wazima. Chakula cha jioni huliwa mapema, mara nyingi saa 12. Usipige hodi bila ahadi. Kila mtu ana shajara. Siku ya kuzaliwa ya mtu humpongezi yeye peke yake, bali na mama yake, kaka yake na shangazi aliyeketi pembeni. Kalenda ya siku hizo utaikuta chooni.