Fisi Asipewe Nafasi ya Bahili

Shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka, walimu wa shule ya Jumapili kuanzia Litein, Kericho, hadi Sotik, Bomet, nchini Kenya, hurudiwa na swali lile lile: watoto waigize nini Krismasi hii? Mamajusi na wachungaji wa Bethlehemu wameshavaa leso za mama zao miaka nenda miaka rudi. Mwalimu anayetaka kubadilisha anaweza kuchukua kisa cha Charles Dickens, A Christmas Carol, kilichotoka London tarehe 19 Desemba 1843, na ambacho nakala zake 6,000 za kwanza ziliisha kabla ya sikukuu yenyewe. Tajiri bahili, Ebenezer Scrooge, anajiwa usiku wa mkesha na mzimu wa Jacob Marley, mshirika wake aliyekufa, kisha na mizimu mitatu: wa Krismasi iliyopita, wa hii ya sasa na wa ile ijayo. Kunapokucha amekuwa mtu mwingine, na wa kwanza kufaidika ni karani wake maskini, Bob Cratchit, mwenye mtoto mgonjwa aitwaye Tiny Tim.

Kisa hiki kinafaa sana vikaragosi. Ugumu unaanza pale unapotaka kuwatumia wahusika ambao watoto wanawajua na kuwapenda tayari. Mhusika wa namna hiyo haji jukwaani mikono mitupu. Anakuja na sifa zake zote, na watazamaji wameshaamua atafanya nini kabla hajafungua kinywa. Kazi ya mwelekezi ni kujua ni nafasi zipi zinahitaji sifa hizo, na ni zipi zitaharibiwa nazo.

Mfano unaofundisha vizuri zaidi ni filamu ya The Muppet Christmas Carol ya mwaka 1992, iliyoongozwa na Brian Henson miaka miwili baada ya kifo cha baba yake, Jim Henson, muasisi wa vikaragosi hivyo. Kermit, chura mpole ambaye kwa miaka mingi alikuwa akihangaika kuongoza kundi la wakorofi, alipewa nafasi ya karani Cratchit. Mtoto mgonjwa akawa Robin, ambaye watazamaji walimfahamu kama mpwa wa Kermit, kwa hiyo mapenzi ya familia hayakuhitaji kuelezwa. Statler na Waldorf, wazee wawili ambao kazi yao ni kukejeli kila kitu, waligawana nafasi ya Marley, ingawa kitabuni Marley ni mmoja tu. Gonzo, kituko asiyejulikana ni mnyama gani, akawa Dickens mwenyewe, msimulizi wa kisa.

Kuhusu mizimu mitatu, wazo la awali lilikuwa kuwapa nafasi hizo wahusika maarufu, Miss Piggy akiwa mmoja wao. Wazo hilo likaachwa na vikaragosi vipya vikatengenezwa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Mzimu unatakiwa kuwa mgeni kwa Scrooge, na mtazamaji naye anapaswa kuhisi ugeni huo. Angeingia Miss Piggy, ukumbi wote ungecheka kwa kumtambua, na hofu ingekwisha hapo hapo.

Scrooge naye aliigizwa na binadamu, Michael Caine, ambaye alisema angeigiza kana kwamba yuko na waigizaji wa Shakespeare, bila kuwakonyeza watazamaji hata mara moja. Sababu ya kumweka mtu pale ni ya kiufundi pia. Uso wa kikaragosi haubadiliki sana. Huzuni yake huonekana kwa kuinamisha kichwa, furaha yake kwa kasi ya mwili, lakini ukunjo uliochorwa kwenye paji utabaki pale pale hadi mwisho. Kisa cha Scrooge ni kisa cha uso unaolainika polepole, na kazi hiyo inahitaji ngozi na misuli.

Sasa tuje Kericho na Bomet. Tuna wahusika wetu ambao watoto wanawajua kabla hawajajua kusoma: sungura mjanja, fisi mlafi, kobe mvumilivu, ndovu mkubwa mwenye heshima zake. Ukiwatengeneza kwa sponji ya godoro na vitambaa vya fulana kuukuu, watoto watawatambua papo hapo. Lakini mwalimu anayegawa nafasi haraka haraka atampa fisi nafasi ya bahili, kwa kuwa wote wawili ni walafi. Hapo mchezo umekufa. Fisi wa hadithi hatubu kamwe. Huanguka shimoni, hupigwa, na hadithi inayofuata yuko pale pale na njaa yake. Akitubu asubuhi ya Krismasi, watoto watasubiri kuona anapanga hila gani.

Fisi ni Marley. Marley alikufa na ulafi wake, na anarudi akiburuta minyororo ya masanduku ya fedha kumwonya mwenzake asifuate njia hiyo. Sifa zote za fisi zinahitajika hapo, na hakuna hata moja inayotakiwa kubadilika.

Sungura naye asiwe karani. Mtoto yeyote anajua kwamba sungura akifanyia kazi bahili, kufikia jioni bahili atakuwa ameibiwa kila kitu. Mpe usimulizi: yeye ndiye anayejua siri za kila mtu na kupenda kuzitangaza. Karani awe kobe, mwenye subira, anayejikunyata ndani ya gamba lake ofisini kwa sababu bosi hataki moto uwashwe. Mtoto mgonjwa ashonewe gamba la kitambaa kile kile, watazamaji waone udugu kabla ya kuambiwa. Ndovu atamfaa Fezziwig, bosi wa zamani wa Scrooge, aliyewafanyia wafanyakazi wake karamu.

Bahili mwenyewe awe mtu mzima, tena mzito, anayeheshimika, asiyecheka ovyo. Shughuli yake isiwe ngeni: awe mchuuzi wa majani mabichi ya chai, anayenunua kwa bei ya kutupa kwa wakulima wadogo wenye shida ya fedha kabla bonasi haijatoka. Hapa kwetu hilo halihitaji ufafanuzi. Mkulima anayepeleka majani katika kiwanda cha KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, hupata malipo kidogo kila mwezi, na bonasi mara moja kwa mwaka, kwa kawaida miezi michache kabla ya Krismasi. Karamu ya Desemba, sare za Januari na deni la dukani vyote hutegemea bonasi hiyo. Kobe ashike mzani na daftari la kilo. Ila bahili asifananishwe na kampuni wala mtu yeyote anayejulikana kijijini. Kejeli za aina hiyo zina jukwaa lake, kama lile la The XYZ Show, ambayo tangu mwaka 2009 iliwachezesha wanasiasa wa Kenya kama vikaragosi kwa ajili ya watu wazima.

Kikaragosi kina ruhusa ambayo mtu hana. Katikati ya miaka ya 1990, kundi la CHAPS lilianza kutumia vikaragosi nchini Kenya kufundisha kuhusu ukimwi, jambo ambalo wakati huo wengi waliona haya kulitaja hadharani. Kwa ruhusa hiyo hiyo, kobe anaweza kusema kuhusu mshahara mdogo na mtoto asiyetibiwa huku waajiri wakiwa wamekaa viti vya mbele, na wote wakamsikiliza.

Kuhusu mizimu, jihadhari na Chemosit, zimwi la mguu mmoja la hadithi za Wakalenjin. Anaonekana kufaa kuwa mzimu wa Krismasi ijayo, lakini Chemosit hula watu, na watoto watamwona kama adui wa bahili. Mzimu huyo hana uadui, kazi yake ni kuonyesha tu. Tengeneza umbo jipya, refu, lisilo na uso. Mzimu wa Krismasi iliyopita unaweza kuwa kogo, nyanya mzee. Kwa desturi ya Wakipsigis, mtoto mchanga aliitiwa majina ya wahenga hadi apige chafya, na jina lililotajwa wakati huo likawa lake, ishara kwamba mhenga huyo amerudi. Marehemu anayerudi kwa ukoo wake si kitisho kwa watu wa huku, na upole huo uonekane kwenye kikaragosi. Mchungaji asiyependa mizimu kanisani anaweza kukubali wageni watatu.

Theluji ya London iwe mvua ya mawe. Kericho ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua hiyo mara nyingi zaidi duniani, na kila mkulima anajua inavyochana majani ya chai na kumwacha bila mavuno. Igizeni asubuhi, kwa sababu ikianza kupiga mabati alasiri hakuna sauti itakayosikika. Vikaragosi vikae juu ya meza iliyofunikwa kwa leso, wachezeshaji wajifiche chini, na bahili akalie kigoda ili macho yake yalingane na ya kobe. Amtazame kobe machoni daima. Akimtazama mchezeshaji, watoto nao watamtazama huyo huyo.

Kabla ya kushona chochote, waulize watoto watano wadogo: fisi akiingia, atafanya nini? Kobe je? Majibu yao yakiifaa nafasi, mpe mhusika huyo. Yakiipinga, tengeneza kikaragosi kipya au tafuta mtu. Fanya jaribio hilo mapema, kwa maana sponji iliyokatwa masikio ya sungura hairudi kuwa gamba la kobe.