Fahamu: Kwa nini dhahabu tano za Steve Redgrave si za kubebwa

Mpiga makasia wa Uingereza Steve Redgrave, mzaliwa wa Marlow, alitwaa dhahabu katika Olimpiki tano mfululizo, kuanzia Los Angeles 1984 hadi Sydney 2000. Wapo wanaohoji ukubwa wake: hakushinda hata moja akiwa peke yake, na tatu alizipata pamoja na Matthew Pinsent. Hoja hiyo ina uzito, lakini haifiki mbali. Los Angeles na Seoul, Pinsent hakuwamo. Mashua ilikuwa ya wanne, ikawa ya wawili, kisha ya wanne tena. Wenzake walibadilika, yeye akabaki.

Kubaki huko ndiko kipimo chake. Mbio za mita 2,000 humaliza pumzi na misuli, na maandalizi yake hudai chakula kingi cha wanga. Mwaka 1997 Redgrave aligundulika ana kisukari, huku tayari akiugua utumbo mpana. Ikambidi ajidunge insulini na kupima sukari, na bado ale vya kutosha kuhimili mazoezi. Sydney, akiwa na miaka 38, yeye na wenzake waliishinda Italia kwa sekunde 0.38 tu. Kwa pengo kama hilo, kasia moja likilegea dhahabu inapotea. Mashuani hapakuwa na nafasi ya abiria.