Fyuzi ya Pampu ya Mafuta Inapoungua

Fyuzi ya pampu ya mafuta ni kipande kidogo cha plastiki chenye utepe mwembamba wa chuma ndani. Umeme wa pampu hupita humo, na ukizidi kiwango utepe huyeyuka kabla waya hazijashika moto. Katika magari mengi madogo ya petroli huwa ya ampea 15, rangi ya buluu, au 20, rangi ya njano. Pampu nzima kwa kawaida hutumia chini ya ampea 10, kwa hiyo fyuzi inayoungua ina sababu.

Ikiungua, starta huzungusha injini vizuri lakini injini haiwaki. Katika magari mengi swichi inapofunguliwa pampu huvuma ndani ya tangi kwa takribani sekunde 2, kisha hunyamaza. Mvumo huo usiposikika, ukaguzi uanzie kwenye fyuzi na relei, chini ya dashibodi au chini ya boneti. Kutazama kwa macho hakutoshi, maana ufa mwembamba hauonekani. Taa ya kupimia iguswe kwenye ncha mbili za chuma zilizo mgongoni mwa fyuzi katika sekunde hizo: ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imekatika, isipowaka kokote, umeme haujafika, na relei ni miongoni mwa vya kushukiwa.

Kosa baya kuliko yote ni kuweka fyuzi kubwa zaidi au kuunga kwa kipande cha waya. Gari litawaka, ndiyo, lakini sasa kitakachoyeyuka ni waya zenyewe, nazo zinaelekea kwenye tangi la petroli.

Wakati fyuzi inapoungua hueleza mengi. Fyuzi mpya ikiungua mara tu swichi inapofunguliwa, kwa kawaida kuna shoti: waya uliochubuka unagusa bodi, au pampu imeharibika ndani. Ikiungua gari linapopita kwenye mashimo, waya unachezacheza mahali fulani. Ikidumu kwa muda wa safari ndipo iungue, pampu imechoka au chujio limeziba, na mota inavuta umeme mwingi ili kusukuma mafuta. Kuendesha kila siku tangi likiwa karibu tupu huchangia, kwa sababu petroli ndiyo inayopoza pampu.

Kujua kama kasoro ni ya pampu au ya waya ni rahisi. Plagi ya pampu, ambayo katika magari mengi hufikiwa chini ya kiti cha nyuma, huchomolewa, kisha fyuzi mpya ya kiwango kilekile huwekwa. Isipoungua tena, pampu ndiyo yenye hitilafu. Ikiungua, kasoro iko kwenye waya. Kazi hii isifanywe penye harufu ya petroli.

Toyota, zilizojaa katika barabara za Afrika Mashariki, zinahitaji uangalifu wa ziada. Katika nyingi kati yake fyuzi iliyoandikwa EFI hulisha pia sehemu nyingine za mfumo wa injini. Waya wa sensa ya oksijeni ukigusa ekzosi na kuungua, fyuzi hiyo hukatika ingawa pampu ni nzima, na wengi wamenunua pampu bila haja.

Baada ya matengenezo, umeme wa pampu upimwe kwa mita ya kubana waya injini ikiwa inaunguruma. Kipimo kinachokaribia kiwango cha fyuzi kinaonyesha kuwa pampu imebakiza siku chache.