Tabibu wa Zahanati Naye Aujue Ugonjwa wa Kisukari

Ukiugua hapa Heru Juu huanzii Muhimbili wala Bugando. Unaanzia zahanati. Tabibu au muuguzi wa zahanati asipofundishwa kuutambua ugonjwa wa kisukari, utarudi nyumbani na dawa ya malaria, na ugonjwa wako utabaki nao.

Kisukari ni nini? Chakula tunachokula hugeuka kuwa sukari katika damu. Sukari hiyo huingia mwilini kwa msaada wa insulini, inayotengenezwa na kongosho. Insulini ikikosekana, au mwili usipoitii, sukari hujaa katika damu. Ikizidi hutoka na mkojo. Ndiyo maana mgonjwa hukojoa mara nyingi, usiku na mchana. Hupata kiu isiyokwisha. Hukonda ingawa anakula.

Hapo ndipo penye hatari. Kwetu mtu akikonda, watu huanza kunong'ona. Huyu atasema ni UKIMWI, yule atasema amerogwa. Kwa mtoto hatari ni kubwa zaidi. Mtoto mwenye kisukari anaweza kutapika, kuumwa tumbo, kuhema haraka na kusinzia. Ukimtazama utadhani ni malaria kali. Asipopata insulini atakufa, pengine katika siku chache tu. Tone moja la damu kidoleni lingetosha kuonyesha ukweli, na mashine ndogo hutoa jibu kabla ya dakika moja kwisha.

Zamani ugonjwa huu ulikuwa haba vijijini. Mwaka 1989 ulichapishwa utafiti wa vijiji 6 vya Tanzania. Waliokuwa na kisukari hawakufika mtu 1 katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, wa mijini na vijijini, ulipata kama watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Njia za kupima hazikuwa sawa, lakini tofauti hiyo si ndogo. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2014, ulifanywa kaskazini-magharibi ya nchi yetu. Ulionyesha kwamba zahanati na vituo vya afya vilikuwa nyuma sana katika kutibu kisukari, wakati kwa UKIMWI vilikuwa vimejiandaa vizuri zaidi. Novemba 2019 Serikali ilizindua mpango wa taifa wa magonjwa yasiyoambukiza.

Mimi ni bwana shamba, si mganga. Lakini jambo la mafunzo nalifahamu. Mkulima akiniletea jani la muhogo lenye batobato, sihitaji maabara. Nilifundishwa kulitazama. Ugonjwa wa michirizi kahawia ulipoenea huku bara miaka ya 2000, mabwana shamba wa zamani walihitaji kufundishwa upya. Cheti cha miaka 20 iliyopita hakikuwa na jambo hilo. Tabibu naye ni hivyo hivyo.

Afundishwe nini? Kwanza, kuuliza. Akisikia kiu, mkojo mwingi na kukonda kwa pamoja, apime sukari. Kabla mgonjwa hajala, kipimo cha 7.0 au zaidi ni dalili ya kisukari, nacho hurudiwa siku nyingine kwa uhakika. Lakini mgonjwa akiwa taabani asingojeshwe siku nyingine. Apewe rufaa mara moja.

Pili, atazame miguu. Kisukari hufisha ganzi nyayo. Mkulima huchomwa na kisiki asisikie, kidonda kikaoza, mguu ukakatwa. Kuvua viatu na kutazama hakuhitaji fedha. Sisi tunaolima pekupeku tunahitaji huduma hii kuliko watu wa mjini.

Tatu, ajue chakula cha hapa. Kumwambia mtu wa Heru Juu aache chipsi ni kupoteza wakati. Mwambie ugali wa muhogo nao huongeza sukari. Apunguze tonge, aongeze mboga za majani, asiache maharage, anywe chai bila sukari. Pombe ya ndizi aiache.

Mgonjwa anayetumia dawa anaweza pia kushukiwa sana na sukari. Atatetemeka, atatoka jasho, atasema ovyo kama mlevi. Kama anaweza kumeza, mpe maji yenye sukari. Kama amezimia usimtie kitu kinywani. Mkimbize kwa tabibu.

Nawe msomaji, ukifika zahanati usiseme "naumwa" tu. Taja kiu, taja mkojo, taja kukonda, hata kama unaona haya. Ukiambiwa vikaratasi vya kupimia vimekwisha, mweleze mjumbe wa kamati ya afya, jambo hilo lizungumzwe kwenye mkutano wa kijiji.

Aliyepewa insulini na hana jokofu aweke chupa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Kisha aiweke katika chungu kidogo kilichomo ndani ya chungu kikubwa, na katikati yake mchanga uliolowa maji. Chungu hicho kikae kivulini, mbali na meko. Mchanga ukikauka, aulowe tena.