Nguzo ya Kaburi Uzaramo: Je, ni Matini?

Katika masomo yetu ya fasihi tumezoea kudhani kwamba pasipo herufi hapana matini. Makala haya yanaipinga dhana hiyo, na ushahidi wangu ni makaburi ya kale ya Wazaramo wa Kisarawe na Kibaha.

Hebu tuanze na Uingereza, maana huko ndiko wengi tulikofundishwa kutafuta makaburi ya kifasihi. Thomas Gray, ambaye shairi lake la maombolezo ya makaburi ya kijijini lilichapishwa mwaka 1751, alizikwa Stoke Poges mwaka 1771, katika kaburi la mama yake na dada wa mama yake. Maneno ya kaburi lile aliwatungia yeye mwenyewe. Jina lake halimo. Lipo kwenye kibao ukutani mwa kanisa. Eti bingwa wa maneno, na juu ya kaburi lake hana hata neno!

Sasa tuje Uzaramo. Zamani, kaburi la mtu mwenye heshima liliweza kuwekewa nguzo ya mti iliyochongwa umbo la mwana hiti: kiwiliwili kama kigogo, hakina mikono wala miguu, matiti madogo, na kichwa chenye mashungi mawili. Hapana jina, hapana tarehe. Lakini mwana hiti huyohuyo ndiye anayekabidhiwa mwali awekwapo ndani, amtunze kama mwanawe. Na Wazaramo ukoo wao huhesabiwa kwa mama. Kwa hiyo mimi naisoma nguzo ile hivi: huyu ametoka katika tumbo la ukoo huu, na ukoo huu utazaa tena. Kama hiyo si sitiari, basi sijui sitiari ni nini.

Gray na marehemu wa Kisarawe wote wamelala kwa mama bila kutajwa. Tofauti iko kwa msomaji. Jiwe la Stoke Poges linamtosha yeyote ajuaye Kiingereza. Nguzo inamtaka mtu aliyechezwa. Ndiyo maana nguzo zilizofika makumbusho ya Ulaya na Marekani huko huweza kuonekana sanamu tu. Umbo limesafiri, maana imebaki kwa bibi zetu.

Basi, wahakiki wenzangu, kutoka Mlimani hadi Kisarawe ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Mti unaliwa na mchwa, na bibi nao hawangoji. Twendeni tukawaulize wakiwa hai.