Je, wajua? Nyumba kuukuu ya Makupa na hewa ya ukaa

Nyumba ya Kiswahili ya Makupa na Majengo, Mombasa, utaitambua kabla hujabisha hodi. Mbele ina baraza ya kukalia. Mlango ukiwa wazi, jicho hupita moja kwa moja kwenye ukumbi mwembamba mpaka uani, vyumba vitatu mkono huu na vitatu mkono ule. Uani ndiko kwenye jiko, choo, kamba za nguo, na mara nyingi kisima. Kuta zake ni boriti za mikoko zilizosimamishwa, zikafungwa fito, kisha kukajazwa udongo na vijiwe vya matumbawe na kupakwa chokaa. Juu palikuwa na makuti, baadaye madebe yaliyonyooshwa, na leo mabati.

Wengi huiona kuwa nyumba inayongoja kubomolewa. Upande huu wa kisiwa, karibu na daraja la Makupa lililofunguliwa 2022, ghorofa zinaota kila mtaa, na mwenye nyumba ya aina hii hakosi kuletewa mnunuzi. Familia yetu imeletewa pia. Tulikaa, tukabishana, tukaamua nyumba ibaki, na itengenezwe ili itumie makaa, umeme na saruji kidogo iwezekanavyo. Sababu zetu hazikutoka kwenye mikutano ya tabianchi. Zilitoka kwenye joto la Februari, tokeni za umeme na kifua cha mamangu. Lakini kila nilipoichunguza moja kwa jicho la sayansi, niliona inaelekea upande uleule wa kupunguza hewa ya ukaa.

Kuta ndizo zinazodharauliwa zaidi, kwa hiyo na tuanze nazo. Ghorofa mpya huwa imeshachafua hewa kabla mpangaji wa kwanza hajaingiza kitanda. Saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi katika tanuu lenye joto la nyuzi 1,450 hivi, na viwanda vya saruji duniani hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayosababishwa na binadamu. Sehemu kubwa ya hewa hiyo haitoki kwenye moto. Ilikuwa imefungika ndani ya jiwe lenyewe. Tani moja ya jiwe safi la chokaa ikichomwa huachia kilo 440 za hewa ya ukaa, uwe umetumia moto wa aina gani. Mombasa tunao mfano jirani. Kiwanda cha Bamburi, kilichoanza kuzalisha 1954, kilichimba matumbawe ya kale, na mashimo yaliyobaki ndiyo mtaalamu wa kilimo Rene Haller aliyoanza kuyapanda mivinje 1971 mpaka yakawa msitu wenye twiga. Vijiwe vilivyo ndani ya ukuta wetu ni matumbawe hayohayo, ila havikupelekwa tanuuni. Udongo nao haukuchomwa.

Chokaa ilichomwa, kwa joto la nyuzi 900 hivi, na kuni zake hazikuwa chache. Hilo sitalificha. Hata hivyo chokaa ikishapakwa ukutani huanza kuivuta hewa ya ukaa kutoka angani, polepole, mwaka baada ya mwaka, hadi igeuke jiwe tena. Kiasi kikubwa cha kile kilichoachiwa na jiwe tanuuni hurudi ukutani kwa njia hiyo. Moshi wa kuni ndio usiorudi.

Ukuta wa namna hii una sharti lake: lazima upumue. Mombasa hewa ina unyevu mwaka mzima, na maji yenye chumvi hupanda kutoka ardhini. Chokaa huyaruhusu yatoke kama mvuke. Wengi hukandika saruji juu ya udongo wakidhani wanauimarisha ukuta, kumbe wameufunika. Maji hubaki ndani, udongo hulainika, boriti huoza miguuni, na baada ya misimu michache ya mvua ile saruji huanguka mapande kwa mapande ikiwa imebeba udongo nyuma yake. Hapo fundi husema nyumba imezeeka. Mimi nasema imezibwa pumzi. Tiba yake ni kubandua, kuacha ukuta ukauke, kisha kupaka chokaa na mchanga uliooshwa chumvi. Ni kazi ya subira, na mafundi wanaoijua wanapungua, lakini mfuko wa chokaa haujawashinda watu bei.

Sasa tazama juu. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, kisha tena mwanzoni mwa Oktoba. Ile ya Machi ndiyo kali, kwa sababu huja wakati kaskazi inapokata na kusi haijaanza. Saa sita mchana kila mita mraba ya paa hupokea takriban wati 1,000. Paa la mita 10 kwa 12 basi hupokea kilowati 120, sawa na pasi za umeme 120 zilizowashwa kwa pamoja juu ya vichwa vya watu waliolala adhuhuri.

Makuti yaliudhibiti moto huo kwa unene wake na hewa iliyo katikati ya majani. Bati halina unene. Likiwa jipya hung'aa na kurudisha sehemu ya mwanga, lakini kinachoingia hulitoka kwa shida, ndiyo maana hata bati jipya hukuunguza mkono. Likishika kutu, hunywa karibu mwanga wote. Rangi nyeupe hufanya kinyume chake mara mbili: hurudisha sehemu kubwa ya mwanga, na joto dogo linaloingia huliachia kwa urahisi kuelekea angani. Kwa shilingi iliyotumika, sijaona kazi nyingine katika nyumba nzima iliyotupa nafuu ya haraka hivyo. Chini yake tukaweka dari, tukaacha matundu pembeni na kwenye mgongo wa paa ili joto lisinaswe katikati. Matundu yawekwe wavu, la sivyo ndege watahamia.

Joto likishapungua juu, ukumbi hurudia kazi yake. Wazee waliujenga upenye nyumba nzima kwa sababu upepo hautaki kona. Kuta za vyumba haziku­fika paani, hivyo hewa ya moto ilipanda na kuvuka juu yake. Feni moja inatosha kuusaidia mpangilio huo, nayo hula wati 60 au 70. Kiyoyozi kinakula elfu moja na zaidi, na joto kinacholitoa chumbani hulitemea kichochoroni kwa jirani. Halafu kuna gesi iliyo ndani yake. Friji na viyoyozi vingi vya zamani vina gesi ambazo, zikivuja, hupasha dunia joto mara zaidi ya elfu kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa. R134a ya friji nyingi za mitumba ni kama mara 1,430. Gesi ya R600a iliyo katika friji mpya ni kama mara 3 tu. Mataifa yalikubaliana kupunguza zile kali katika mkutano wa Kigali, Oktoba 2016. Kwetu sisi uamuzi ulikuwa rahisi: kiyoyozi hapana, na friji ikifa isinunuliwe ya mtumba.

Jikoni ndiko kulikokuwa na ubishi wa kweli, maana mbaazi za nazi si jambo la kuchezea. Mbaazi kavu, hata zikilowekwa usiku kucha, hukaa motoni muda mrefu, na moto huo kwetu ulikuwa wa makaa. Katika tanuri za kienyeji za kufunika udongo, kilo moja ya makaa hutaka kilo 5 hadi 10 za kuni, kwa hiyo mti mwingi huishia kuwa moshi huko bara kabla gunia halijapakiwa lori. Kisha makaa yenyewe hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na jiko la uani lililozungushiwa ukuta pande tatu huiweka karibu na pua ya mpishi. Mamangu alikuwa akikohoa kila kaskazi. Tukanunua sufuria ya presha ya umeme. Mbaazi sasa huiva kwa chini ya yuniti moja ya tokeni, na anayepika hakai juu ya moshi.

Jiko la makaa hatukulitupa. Wali wa nazi bado unapaliwa, makaa machache juu ya kifuniko, kwa sababu mama alisema wali usiopaliwa hauwekwi mbele ya mgeni. Makaa ya kupalia yanajaa kiganja. Sioni ubaya wowote hapo.

Mtu atauliza kama umeme nao hauzalishwi kwa mafuta. Kenya ina bahati ambayo nchi nyingi tajiri hazina: takriban asilimia 90 ya umeme wake hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Olkaria ilianza kutoa umeme wa mvuke 1981, na shamba la upepo la Ziwa Turkana lina uwezo wa megawati 310. Lakini saa moja jioni taa, runinga na pasi za nchi nzima zikiwaka pamoja, mitambo ya mafuta huitwa kusaidia, na baadhi yake iko ng'ambo ya maji kutoka kwetu, Kipevu, ambako Kipevu III peke yake ina uwezo wa megawati 120. Kwa hiyo saa ya kutumia umeme ina uzito sawa na kiasi. Mbaazi hupikwa mchana, na nguo hupigwa pasi mchana.

Paneli za jua zilikuja mwisho, na hapa historia ya Mombasa iliingia mezani. Nyumba nyingi za Makupa na Majengo ni nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine, na unamlipa kodi ya ardhi. Ndiyo sababu mojawapo ya watu kujenga kwa miti na udongo, kwani nani atamwaga zege kwenye kiwanja anachoweza kuambiwa akiache? Nyumba yetu ni ya aina hiyo. Basi kila shilingi iliulizwa kama inaweza kuondoka nasi. Rangi ya paa haiwezi, na tukaipaka hata hivyo kwa sababu ni rahisi. Paneli zinaweza: hufungwa kwa boliti za chuma kisichoshika kutu, kwa ajili ya chumvi ya bahari, na hufunguliwa kwa spana siku ya kuhama. Tena hulipatia paa kivuli.

Betri bado tunaibishania. Kakangu anaitaka ili nyumba ivuke saa za jioni bila kugusa umeme wa Kipevu, na hesabu yake ni sahihi, ila bei ya betri inazidi ya paneli. Mamangu anataka pesa zilizopo zioshe paa na kulipaka tena kabla ya masika, na chumba cha nyuma kibanduliwe saruji.