Kupunguza Muda wa Kukimbia Ngazi Katika Joto la Pwani

Kukimbia ngazi ni mchezo wenye mashindano yake. Katika jengo la Empire State, New York, wanariadha wameshindana tangu mwaka 1978 kupanda vipandio 1,576. Bagamoyo haina jengo kama hilo, na nyumba nyingi za mji wake mkongwe hazizidi ghorofa moja au mbili. Hata hivyo, ngazi fupi ikirudiwa kwa mpango yatosha kumwezesha mtu kuvunja rekodi yake mwenyewe.

Katika kila kipandio mwili huinua uzito wake wote. Vipandio 60 vyenye kimo cha sentimita 17 hufikia takriban mita 10. Ni sawa na mtu wa kilo 70 kupandisha mzigo wa kilo 70 hadi kimo hicho. Anayeanza kwa kasi yake yote, misuli yake ya mapaja huhitaji oksijeni kuliko moyo unavyoweza kuipeleka, naye huishiwa nguvu katikati. Kwa hiyo anza chini kidogo ya uwezo wako, kisha udumishe mwendo huo hadi juu.

Fanya mazoezi siku 2 kwa wiki, zisizofuatana. Pasha mwili moto kwa dakika 10 za kutembea. Panda kwa kasi sekunde 20 hadi 30, ushuke kwa kutembea, upumzike hadi uweze kusema sentensi nzima bila kuhema. Rudia mara 4 mwanzoni, na uongeze mara 1 kila wiki hadi ufikie 8. Usishuke mbio: kuteremka ndiko huumiza zaidi misuli ya mapaja, na ndiko watu huanguka. Jipime kila baada ya wiki 4, kwenye ngazi ileile na saa ileile. Moyo na misuli huimarika katika wiki chache, lakini kano huhitaji miezi. Anayefuata pumzi yake tu na kusahau magoti hupata jeraha kabla ya rekodi.

Hali ya hewa ya pwani ina sharti lake. Wakati wa kaskazi, hasa Desemba hadi Machi, hewa hujaa unyevu. Jasho hutiririka bila kukauka, na mwili haupoi. Fanya mazoezi alfajiri, na uupe mwili siku 10 hadi 14 za kuzoea joto kabla ya kuongeza kasi. Wakati wa masika, epuka ngazi za nje zilizolowa. Anayefunga Ramadhani aahirishe mazoezi makali hadi baada ya kufuturu na kunywa maji.

Wapo wasiopaswa kuanza bila ushauri: wenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la juu la damu, kisukari, pumu, au wajawazito. Mwenye shinikizo la 180/110 au zaidi asikimbie hadi lidhibitiwe. Mgonjwa wa selimundu asishindane na saa, kwa kuwa uchovu mkali na upungufu wa maji huweza kuamsha maumivu makali. Kutembea polepole kwaweza kumfaa, kwa maelekezo ya daktari wake.

Simama mara moja ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu, au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na uende kituo cha afya. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi makali waweza kuashiria misuli iliyovunjika na figo zilizo hatarini, usingoje kesho.

Kwa mhudumu wa afya, ngazi ni kipimo pia. Mwaka 2020 madaktari wa moyo nchini Hispania walishauri kwamba anayetumia zaidi ya dakika 1 na nusu kupanda vipandio 60 achunguzwe. Muulize mgonjwa: ngazi uliyoipanda mwaka jana bila kusimama, leo waipandaje? Muda ukiongezeka bila sababu, usimlaumu kwa uvivu. Mpime shinikizo, damu na moyo.